Ufa Ulio Chini ya Kaburi la Omondi

Kamba ndizo zilizoniponza. Kamba za nailoni za rangi ya chungwa, nilizozinunua Tarime mjini kwa hela yangu, nikazifunga kwenye misumari ukutani mwa mtaro, mraba kwa mraba, kama wanavyofanya watu wote duniani wanaochunguza matetemeko ya ardhi. Mahali pengine mtu akiona kamba anaona kamba. Kerende, mtu akiona kamba na vibendera anaona wathamini wa mgodi wamekuja kupima ardhi. Na akishaona hivyo, huwezi kumwambia kitu.

Ngoja nieleze vizuri, maana hasira zinanirusha rusha.

Naitwa Akech, mtoto wa kwanza wa Omondi Owuor na mama Gladys. Kwetu ni Kerende, upande wa Nyamongo, Wajaluo wachache katikati ya Wakurya wengi, na nusu ya ukoo wetu iko Migori, ng'ambo ya mpaka. Nimesoma mpaka shule zikaisha. Nina udaktari wa jiolojia, ule wa kuchunguza nyufa za ardhi, yaani mahali ambapo ardhi ilishakatika na inaweza kukatika tena. Na kwa udaktari huohuo nafundisha Jiografia kwa kujitolea huko Issenye, wilaya ya Serengeti, nalala chumba cha kupanga na kupika mchicha, na wanafunzi wananiita madamu kama mtu mwenye mshahara.

Kazi za fani yangu hazitangazwi kama za uuguzi. Nafasi ikitokea ni moja, inakaa miaka kabla ya kutokea nyingine, na sisi tunaoitaka tunajuana kwa majina. Mwaka huu chuo kimoja kikatangaza: mhadhiri wa jiolojia ya matetemeko, ajira ya kudumu. Nilisoma lile tangazo kwenye simu nikiwa nimepanda bodaboda, nikamwambia dereva asimame nisije nikaanguka. Tuliomba wengi, tukachujwa, tukabaki wawili. Mwenzangu alikuwa ameshawaonyesha mtaro wake huko Rukwa. Ulikuwa unasubiriwa wangu.

Kazi yetu, ukiivua suti, ni kuchimba. Unatafuta ufa unapopita, unachimba mtaro wa kuukata, kina cha kumzidi mtu mrefu, halafu unakwangua ukuta mpaka tabaka za udongo zionekane. Tabaka zikiwa zimelala salama, huna kitu, rudi nyumbani. Zikiwa zimekatika, upande mmoja umeshuka, basi hapo ardhi iliwahi kuruka. Na ukipata vipande vya mkaa wa kale chini ya mkato na juu yake, maabara wanavipima, unajua iliruka lini. Sasa watu wa fani hii hawaamini picha. Wanakuja wenyewe, wanaingia mtaroni, wanabishana wakiwa wameshika ukuta. Kwa hiyo usaili wangu haukuwa wa ofisini na maji ya chupa. Ulikuwa ndani ya mtaro, kwenye shamba la baba mdogo Elkana, hatua chache nyuma ya nyumba ya mama.

Na ulikuwa mtaro mzuri, nakuapia. Tabaka jeupe la majivu ya volkano limekatika kama mkate, upande wa kushoto umeshuka kimo cha goti. Mkaa nao ulikuwepo, chini na juu. Niliuacha palepale ukutani, kila kipande na kijikaratasi chake, ili wauone ulipokaa kabla ya kuutoa. Ndivyo inavyotakiwa. Leo nikikumbuka nataka kujizaba kofi.

Utaniuliza, mtoto wa mchimba dhahabu alipataje ugonjwa wa matetemeko. Nilikuwa darasa la sita. Baba alikuwa kwenye duara, ndivyo wachimbaji wadogo wanavyoliita shimo la dhahabu. Alitoka saa ya uji, akamwambia mama amesahau nyundo, akarudi chini. Mama alimwona kwa macho yake, maana ndiye aliyekuwa anawauzia uji. Mara ardhi ikatikisika. Mimi nilikuwa darasani. Chaki zilidondoka ubaoni, dawati likatembea, mwalimu akatutoa nje mbio. Duara likajifunika. Wengine wote walikuwa nje wanakunywa uji. Mvua zikaja, shimo likajaa maji, na mwenye duara akasema hawezi kuhatarisha watu kumtafuta mtu mmoja. Akasema pia hakukuwa na tetemeko lolote, ni wachimbaji tu hawakuweka magogo sawasawa. Redio haikusema kitu. Wazee walisema huku kwetu ardhi haitikisiki.

Kisha Werema, jirani yetu, akaongeza lake. Akasema Omondi hayumo humo ndani. Omondi kavuka Sirari, ana mwanamke Kenya, anakula samaki. Neno hilo lilizunguka kijiji kizima. Mama yangu amekaa miaka yote hiyo si mjane wala si mke. Hakuna kaburi. Akienda kisimani anaulizwa, "Mama Akech, yule bwana hajarudi?" Na mama hajibu, anajitwisha ndoo anaondoka.

Sasa unajua kwa nini niliutaka ule mtaro.

Baba mdogo Elkana alinipa shamba bila maneno. Ndugu yake baba, mtu mwema, ila ana ugonjwa mmoja: akisikia jambo la faida, masikio yake yanasimama. Vijana walichimba, mimi nikakwangua, nikafunga kamba zangu, nikachomeka vibendera kufuata ufa unavyokwenda mpaka kwa majirani, nijue mstari wake. Haikupita wiki, nikasikia nyundo.

Walikuwa wanategesha. Kama hujakaa Nyamongo, neno hilo hulijui. Watu wakisikia mgodi unataka ardhi, wanakimbia kupanda miche na kusimamisha vibanda, ili mthamini akija akukute una mali ya kulipwa. Werema alikuwa ameshasimamisha vibanda viwili vya mabati yenye kutu, juu ya vibendera vyangu kabisa, na anapanda katani kiangazi.

Nilimfuata. "Shikamoo, Mzee Werema."

"Marahaba, binti yangu. Lini wanakuja?"

"Hakuna anayekuja. Huu ni utafiti wa tetemeko la ardhi."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Tetemeko. Sawa. Na wale wa kwanza walisema wanapima maji. Wewe fanya kazi yako, tajiri wako nasi atatukuta hapahapa."

Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikieleza. Niliita watu mtaroni, nikawaonyesha mkato. Walitazama kwa adabu, wakaniuliza bei ya miembe kwa mche. Mpaka mwisho wa juma ule mstari mzima wa ufa, kushoto na kulia kwetu, ulikuwa umejaa vibanda ambavyo hata kuku asingelala humo. Ukabaki mtaro wangu peke yake. Nikasema haidhuru, mimi nahitaji huo mmoja.

Mama alisema neno moja tu kuhusu ule mtaro. Alisimama pembeni na kibuyu chake cha mbegu, akachungulia chini.

"Akech, hili shimo linakaa wazi mpaka lini?"

"Mpaka wageni waje, mama."

"Shimo la kimo cha mtu halikai wazi nyumbani. Linaita."

"Mama, hili ni la sayansi."

Akanyamaza. Mama akinyamaza, mimi huwa najidanganya kwamba amekubali.

Wageni walikuwa wawili. Profesa Vincent, mwenyekiti wa jopo, mtu mkubwa wa fani, mwenye kofia ya porini isiyojua jasho. Na Daktari Efrazia, mwanamama wa makamo, mpole, anayeandika zaidi ya kusema. Wangeweza kuja moja kwa moja Nyamongo. Hapana. Profesa alitaka kwanza alale kambi moja huko Robanda, aone tembo. Kwa hiyo mimi, mwomba kazi, nikatakiwa niende Robanda kuwapokea, nikae nao wakizungushwa hifadhini, ndipo tuje. Tembo wa Robanda wanakula mahindi ya watu msimu mzima, mtu anataka kwenda kuwapiga picha. Nilimeza. Ukiwa unatafuta kazi unajifunza kumeza.

Njiani kurudi, kutoka Mugumu mpaka tunavuka Mto Mara, nilizungumza kama redio. Niliwaeleza mkato, majivu, mkaa. Profesa akageuka kwenye kiti cha mbele.

"Huo mkaa wa juu na wa chini, umeutoa?"

"Nimeuacha ukutani, muuone wenyewe."

"Safi sana. Mwenzako wa Rukwa hakuwa na mkaa wa juu." Akamtazama Efrazia. "Huyu akituonyesha hayo anayosema, sioni tutabishana nini."

Nilianza kupanga nitamnunulia mama nini.

Tulipofika nyumbani nikaona turubai. Turubai la bluu, viti vya plastiki vya kanisa, sufuria za kukopa, na ndugu wa Migori wamejaa uani, wamekaa wanakunywa chai. Nikafikiri mama amekufa. Nilishuka gari likiwa bado linatembea.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mzima, amevaa kitenge kipya na kilemba cheusi. Nilimshika mabega, nikamwangalia juu mpaka chini. Kisha nikageuka nyuma ya nyumba.

Mtaro haukuwepo. Walikuwa wameufukia wote, mwanzo mpaka mwisho, udongo umeshindiliwa ukapigwa fagio. Na katikati, pale hasa palipokuwa na kina kirefu kuliko pengine, mahali penye mkato wangu na mkaa wangu, palikuwa na kaburi. Kaburi la saruji, bado bichi, na fundi amepiga magoti analilainisha kwa mwiko. Msalaba wa mbao ulikuwa umesimama kichwani. Mti wa kulala na mti wa kusimama imefungwa kwa kamba yangu ya rangi ya chungwa. Umeandikwa: OMONDI OWUOR.

Baba mdogo Elkana akaja akifuta mikono. "Karibuni wageni. Akech, umechelewa, tulikungoja."

"Kuna nani humu ndani?"

"Ndugu yangu."

"Baba mdogo, nakuuliza kuna nini humu ndani."

Akatazama chini. "Yago."

Yago ni tunda la mwegea, refu, zito kama mtoto mchanga. Sisi Wajaluo, mtu akifa na mwili usipatikane, amezama ziwani au amepotelea vitani, ukoo unachukua yago, unalivika, unalilia, unalizika badala yake. Tangu baba apotee mama alikuwa ameomba hilo, na ukoo ukakataa, maana Migori nako neno la Werema lilifika, wakasema huwezi kumzika mtu ambaye huenda yuko hai anakula samaki. Sasa leo, baada ya miaka yote hiyo, wamekubali. Leo. Siku ya usaili wangu.

Nilimpandishia baba mdogo sauti mbele ya watu wote, na sijutii. Nilimwambia: wewe umetegesha. Wewe si msiba uliokuleta, ni wathamini. Kaburi la saruji hulipwa kuliko la udongo, ndiyo maana umeleta fundi. Umekaa mwezi mzima unamwangalia Werema na vibanda vyake, roho inakuuma, ukaona utumie jina la baba yangu. Nilimwambia kazi ninayoitafuta tangu nimalize chuo iko chini ya hii saruji. Nilimwambia, "Mmenizikia maisha yangu kwa tunda. Ni tunda tu, baba mdogo. Ni tunda."

Ndugu wa Migori waliacha chai. Elkana hakukana. Ndicho kilichoniudhi zaidi, hakukana.

"Saruji ni mimi," alisema. "Nilifikiri, kama wanakuja kupima, na yeye ahesabiwe. Lakini yago si mimi."

"Ni nani?"

"Ni mimi," akasema mama.

Alikuwa amekuja nyuma yangu taratibu. Hakupandisha sauti. Mama yangu hajawahi kushindana nami kwa sauti.

"Ulichimba shimo la mtu nyuma ya nyumba yangu, ukaliacha wazi," alisema. "Kila asubuhi naamka naliona. Nikasema hili shimo lina mwenyewe. Nikawaita Migori, nikawaambia, njooni mwone, binti yake mwenyewe ameshamchimbia baba yake. Hapo ndipo wakaona haya. Wakaja."

"Mama, sikumchimbia baba. Nilikuwa nachimba ufa."

"Najua ulichosema ulikuwa unachimba."

Nilitaka kulia, nikaona bora nikasirike. Niliondoka kwa miguu mpaka kwenye gari. Profesa Vincent alikuwa ameegemea mlango, kofia mkononi, anamnong'oneza Efrazia. Aliponiona akanichukua pembeni kama daktari anayetaka kukupa habari.

"Nimeelewa hali," alisema. "Pole. Sasa tufikiri kitaalamu. Ukuta umefukiwa, haujaharibika. Saruji ni mbichi. Sisi tunaondoka kesho jioni. Vijana wanne wakianza sasa hivi, kesho asubuhi mkato uko wazi. Tunauona, unatoa mkaa wako, mnarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Hata msalaba."

"Na kama siwezi?"

"Hapo pembeni huwezi kuchimba?"

Nilimwonyesha vibanda vya Werema upande huu, na vya majirani upande ule. Akapumua.

"Basi ni hapa au hakuna. Akech, ningependa hii nafasi iwe yako. Nasema kweli. Lakini siwezi kurudi chuoni nikaandika kwamba tulioneshwa kaburi." Akaniwekea mkono begani. "Na tuwe wakweli, binti. Hakuna mtu humo ndani. Ni tunda tu."

Maneno yaleyale. Niliyasema mwenyewe muda mfupi uliopita na yalikuwa sawa kabisa kinywani mwangu. Kinywani mwake yalinuka. Nilimtazama yule mtu na kofia yake, aliyelala Robanda kuangalia tembo, anaita baba yangu tunda. Lakini sikumjibu. Nitakuwa mwongo nikisema nilimjibu. Nafasi ilikuwa bado mfukoni mwake, nami nilikuwa naitaka.

Nikarudi uani.

Baba mdogo alikuwa ameshasikia. Kumbe alikuwa nyuma ya gari na masikio yake yamesimama. "Kama ni ajira ya kudumu," akasema, "nitavunja mwenyewe. Saruji ni yangu." Na akaenda akaleta sururu, akaishika mbele yangu kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi zawadi. "Wewe ndiye mtoto wa kwanza. Ukisema tuvunje, tunavunja. Ukoo hautasema neno."

Ukoo ulikuwa umeshasimama wote. Fundi aliacha mwiko. Na kwenye uzio, juu ya katani yake iliyokauka, Werema alikuwa ameegemea kwa viwiko, anatazama. Pembeni yake kijiji kilikuwa kinaongezeka, maana habari zilishafika kwamba Wajaluo wametegesha kaburi na mwenye mgodi kaja na gari analikataa.

Nilichukua sururu. Nasema ukweli, niliichukua. Nikasogea mpaka ukingoni mwa saruji. Nilikuwa namjua kila mmoja aliyelala chini ya pale: udongo mweusi wa juu, kisha wa mfinyanzi, kisha majivu, kisha mkato, na mkaa wa juu ambao mwenzangu wa Rukwa hana. Nikamtazama mama, nikimngoja anizuie, ili nipate wa kumkasirikia.

Hakunizuia. Alivuta kiti cha plastiki, akakiweka karibu na msalaba, akakaa.

"Chimba, nyathina," alisema. Maana yake mwanangu, ndivyo anavyoniita nikiwa mgonjwa. "Hiyo kazi umeitafuta, naijua shida yako. Mimi sitakulaumu. Ila nikuambie kitu kimoja. Werema yule pale. Baba yako akitolewa leo, Werema atasema Omondi kakimbia tena."

Nilisimama pale.

Sikufikiria sayansi, wala mila, wala Mungu. Nilifikiria ile ndoo. Mama na ndoo yake kichwani, amegeuka, anaondoka kisimani bila kujibu, mwaka baada ya mwaka, mimi nikiwa Dar nasoma, nikiwa ng'ambo nasoma, nikiwa Issenye nafundisha.

Nikaiweka sururu chini. Nikaenda kwenye gari.

"Profesa," nikamwambia, "hapa hapachimbwi."

"Una uhakika? Unaelewa maana yake?"

"Naelewa kuliko wewe. Andika mlichoonyeshwa. Andika mlionyeshwa kaburi, na chini ya kaburi kuna ufa, na huyo aliyezikwa humo aliuawa na huo ufa, na hakuna chuo wala redio wala mwenye duara aliyewahi kukubali. Na usiniite binti. Nina udaktari kama wewe."

Alivaa kofia yake. Hakukasirika, na hilo nalo liliniuma. Kwake ilikuwa safari tu imeharibika. Daktari Efrazia alishuka. Nilifikiri anataka kunipa mkono wa kwaheri. Akanipita, akaenda mpaka kwa mama, akapiga goti kidogo, akamshika mikono.

"Pole sana kwa msiba, mama."

Mtu wa kwanza kumwambia mama yangu maneno hayo nje ya ukoo. Mama aliitikia, "Tumeshapoa." Kisha Efrazia akarudi garini bila kunitazama, na gari likageuka, likaacha vumbi juu ya sufuria za watu. Najua kazi imekwenda Rukwa. Sikuhitaji kusubiri simu.

Nilirudi kaburini nikiwa bado nachemka. Nilitaka kumgombeza mtu na hakuna aliyebaki wa kugombezwa. Fundi akakohoa.

"Dada, saruji inaanza kukaza. Hapa kichwani nimeacha nafasi ya tarehe. Wazee wamebishana tangu asubuhi, hawaijui siku. Wengine wanasema masika, wengine vuli. Mama anasema wewe ndiye mwenye elimu ya kujua ardhi iliruka lini."

Nikacheka, cheko baya. Nimesoma miaka yangu yote nijue ardhi iliruka lini. Mkaa wa kujua mara ya kale uko chini, sitauona. Lakini siku hii sikuhitaji maabara. Mtoto wa darasa la sita aliyetolewa nje mbio hasahau tarehe iliyokuwa ubaoni.

Nikatafuta kwenye udongo, nikapata msumari wangu mmoja, bado umefungiwa kijikamba. Nikapiga magoti. Nikaandika kwenye saruji mbichi siku, mwezi na mwaka. Baba mdogo akasema inatosha. Nikamwambia bado. Nikaendelea kuandika, herufi kubwa, nikikandamiza mpaka msumari ukapinda: ALIKUFA KAZINI. ARDHI ILITIKISIKA, DUARA LIKAMFUNIKA.

Nikasimama, magoti yamejaa saruji. Mama alikuwa ameinamia pale, amekunja macho. Miwani yake ilivunjika zamani.

"Umeandika nini? Nisomee."

Nikamsomea.

Akanyoosha mgongo kwenye kile kiti. Akageuza uso kwenye uzio, ambako Werema alikuwa bado ameegemea na kijiji chake.

"Soma tena, Akech," akasema. "Kwa sauti, Werema asikie."